Umeiona Wapi? Kisa cha Makala Kuhusu Filamu Iliyopotea

Jina la jarida, la mji na la kila aliyehusika nimeyaondoa, pamoja na mambo mengine ambayo yangemtambulisha mtu. Mwandishi wa makala hiyo amekisoma kisa hiki na akaridhia kiandikwe ili wengine wajifunze. Mimi nilikuwa mhariri.

## Usuli

Jarida letu ni dogo, linatoka mtandaoni kila mwezi, na lote ni la filamu. Waandishi wanajitolea. Mwezi huo tulikuwa tunaandaa toleo la historia ya tuzo za Oscar, na makala kuu tukampa kijana ambaye nitamwita Mwandishi. Alishatuandikia makala nne, na wasomaji walikuwa wameanza kumuulizia.

Kipaji chake kina asili. Alikulia karibu na kibanda umiza, vile vibanda vya video ambamo watu hubanana kwenye mabenchi kutazama picha zilizotiwa maneno ya Kiswahili na mtafsiri. Watoto wengi hawakuwa na kiingilio. Yule aliyebahatika kuingia alikuwa na deni: akitoka, lazima awasimulie waliobaki nje. Stelingi kaingilia wapi, adui kajificha wapi, risasi ngapi, nani kalia. Msimuliaji alikuwa yeye, kwa sababu mjomba wake ndiye aliyekuwa anakaa mlangoni. Hata sasa anavyoandika, unamwona amesimama mbele ya wenzake, mikono hewani. Jambo hili nalitaja mapema kwa sababu lina uzito katika kisa hiki.

Mada aliyopewa ni Emil Jannings, mwigizaji wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1884 huko Rorschach, Uswisi, na mtu wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Wakati ule tuzo moja iliweza kutolewa kwa kazi zaidi ya moja. Janet Gaynor alipewa yake kwa filamu tatu. Jannings alipewa kwa mbili: The Way of All Flesh ya mwaka 1927, iliyoongozwa na Victor Fleming, na The Last Command ya mwaka 1928, iliyoongozwa na Josef von Sternberg. Washindi walitangazwa Februari 1929, na sherehe ikafanyika tarehe 16 Mei katika hoteli ya Roosevelt, Hollywood. Kugawa tuzo kwenyewe kulichukua kama robo saa. Jannings hakuwepo. Filamu za sauti zilikuwa zimeshaingia, Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kijerumani, na alikuwa ameamua kurudi Ujerumani. Aliomba apewe sanamu kabla hajasafiri, akapewa. Kwa hiyo mkono wa kwanza kabisa kushika Oscar ulikuwa wake.

The Last Command ipo, unaweza kuitazama leo jioni. The Way of All Flesh haipo. Hakuna nakala kamili inayojulikana popote. Vilivyosalia ni vipande viwili, jumla yake kama dakika tano, kimojawapo kikiwa cha mwisho wa hadithi. Katika maigizo yote yaliyowahi kushinda Oscar, ni hili tu ambalo hakuna anayeweza kulitazama lote.

Hadithi yenyewe inajulikana kwa maandishi. August ni karani wa fedha wa benki mjini Milwaukee, mtu wa saa na utaratibu, mwenye mke na watoto anaowapenda. Benki inamtuma Chicago na hatifungani. Ndani ya treni anakutana na mwanamke anayemlainisha, na asubuhi yake anaamka hana mwanamke wala hatifungani. Anamfuata hadi baa, anabembeleza, na mwenye baa anampiga na kumburuta hadi kwenye reli ili amnyang'anye kilichobaki. August anazinduka, wanapambana, treni inamkanyaga yule mhalifu. Mwili unaharibika usitambulike, na vitu vilivyokutwa juu yake ni vya August. Magazeti yanatangaza kwamba karani amekufa shujaa, akilinda mali ya benki. Sasa atarudije nyumbani? Akirudi hai, anarudi mwizi. Akibaki mfu, watoto wake ni watoto wa shujaa. Anachagua kubaki mfu. Miaka inapita, anakuwa mzee mchafu anayeokota takataka bustanini. Anawaona watu wake wakienda kuweka shada kwenye kaburi lake. Mwanawe amekuwa mpiga fidla mashuhuri. Mzee ananunua tiketi ya viti vya juu kumsikiliza. Usiku wa Krismasi anasimama nje ya nyumba yake mwenyewe, kwenye theluji, na mwanawe anamtolea sadaka bila kumtambua. Anaondoka.

Ni filamu ya machozi, na sioni aibu kusema kwamba hata muhtasari wake unanigusa. Kwetu mtu anayekufa na bado yuko hai ni jambo zito: matanga yameshakaliwa, khitma au misa imeshasomwa, na wewe umesimama barabarani unaangalia.

## Kilichotokea

Rasimu ilifika siku sita kabla ya kutoka kwa toleo. Ilikuwa na maneno kama elfu mbili, na katikati yake kulikuwa na aya hii:

"Anasimama kwenye theluji. Kichwa chake kinatikisika taratibu, kama mtu anayekataa jambo analolijua kuwa kweli. Mlango unafunguka, mwanga unamwangukia usoni, na anapojaribu kulitaja jina la mwanawe, sauti inamkatika."

Niliisoma kwa sauti. Nikamsomea na mwenzangu anayepanga kurasa. Nikahamisha koma moja, nikaipitisha.

Tuna utaratibu mmoja ambao karibu tuuache kwa uvivu: kila toleo husomwa mwishoni na mzee mmoja aliyewahi kuendesha mashine katika jumba la sinema enzi za majumba hayo. Hapendi kusoma kwenye simu, kwa hiyo tunamchapishia karatasi na kumpelekea nyumbani. Safari hii karatasi zilirudi na duara moja jekundu, limezungushwa kwenye neno "sauti". Pembeni aliandika: "1927? Umeiona wapi?"

Filamu ni bubu. Mtu hawezi kukatika sauti katika filamu bubu, na kama mdomo umetikisika bila maneno kutoka, hilo laweza kuandikwa na aliyeuona ule mdomo tu. Mimi nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mara tatu.

Nikampigia Mwandishi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Ile aya ya theluji, picha yenyewe uliitazama wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Mtandaoni, dada. Kuna kipande. Nyingine nimeisoma."

Nikamwomba anitumie kila alichotazama na kila alichosoma, hata kama anaona hakina maana. Alivituma usiku huohuo, bila kuficha, na tukakaa kwenye simu karibu saa mbili tukivipitia kimoja kimoja.

Kipande kilikuwa cha The Last Command. Humo Jannings ni jenerali wa Urusi, binamu wa mfalme, ambaye baada ya mapinduzi anaishia Hollywood akiigiza kama mtu wa kujaza umati. Kichwa chake kinatikisika bila kukoma. Katika chumba cha kujipaka rangi, mwenzake analalamika kwamba kule kutikisika kunamsumbua, na mzee anaomba radhi, anasema aliwahi kupata mshtuko mkubwa. Kwa hiyo kile kichwa ambacho Mwandishi alikisimamisha kwenye theluji ya Milwaukee kilikuwa cha jenerali, kutoka filamu nyingine. Aliyekiweka kipande mtandaoni alikuwa amekiandikia kwamba hili ndilo igizo lililoshinda Oscar ya kwanza. Hakusema uongo. Alisema nusu ya kweli, kwa kuwa tuzo ilikuwa ya filamu mbili, na nusu ile ndiyo iliyotuangusha.

Sauti nayo ilitoka kwingine. Mwaka 1940 studio ya Paramount waliitengeneza hadithi hiyo upya, safari hii na sauti, ikiongozwa na Louis King na kuchezwa na Akim Tamiroff. Mhusika wake anaitwa Paul Kriza. Nikarudi kwenye rasimu: aya ya tatu, "Paul" limetajwa mara mbili. Karani wa mwaka 1927 ni August. Jina lilikuwepo mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza.

Kulikuwa na kosa la tatu, dogo zaidi. Rasimu ilisema filamu imetokana na riwaya ya Samuel Butler yenye jina hilohilo. Haihusiani nayo. Jina linatokana na msemo wa Kiingereza wenye mzizi wa Biblia, ule ambao Daudi anamwambia Sulemani akikaribia kufa, na Biblia yetu inausema, "Mimi naenda njia ya ulimwengu wote."

## Maamuzi na sababu zake

Zilibaki siku mbili. Mpanga kurasa alipendekeza tufute ile aya na kubadilisha jina la mhusika, basi. Ingetosha kuzuia aibu. Nilikataa, na bado naona nilikuwa sahihi: aya ile haikuwa doa kwenye makala, ilikuwa ndiyo makala. Kila kitu kabla yake kiliijenga, kila kitu baada yake kiliitegemea. Ukiiondoa, msomaji anabaki na tarehe na majina na hajui kwa nini ajali.

Nilifikiria kuiondoa makala nzima. Mwandishi mwenyewe aliniomba hivyo, alisema, "Dada, itoeni tu, nimewaangusha." Sikutaka amalizie hapo. Wala sikumwona kama mdanganyifu. Alikuwa amefanya kile alichofanya maisha yake yote: kusimulia picha kwa walioshindwa kuingia. Kilichobadilika ni kimoja tu, kwamba safari hii na yeye alikuwa nje ya kibanda, pamoja nasi sote, na hakujua.

Tulisogeza toleo mbele kwa siku tano na tukaamua kuandika upya kwa sharti moja: kila sentensi inayosifu uigizaji ionyeshe imesimama juu ya nini. Sharti hilo lilionekana jepesi hadi tulipoanza.

Tulianza na picha mnato. Zipo nyingi, nzuri, Jannings akiwa na ndevu nadhifu za karani, kisha Jannings mzee aliyechakaa. Mwandishi alitaka kueleza macho yake kutokana nazo. Hapa ilibidi tujifunze jinsi studio zilivyofanya kazi. Picha mnato za matangazo kwa kawaida hazikukatwa kutoka kwenye mkanda. Mpiga picha wa pembeni alizipiga kwa kamera yake, waigizaji wakisimama tena na kushika sura kwa ajili yake. Kwa hiyo picha hiyo inakuonyesha mavazi, ndevu, samani, umbali kati ya watu, na sura ambayo mwigizaji alikubali iwakilishe filamu. Haikuonyeshi sura iliyopita kwenye skrini. Tofauti hiyo tuliiandika ndani ya makala, kwa sentensi mbili, na picha tukazitumia kwa yale zinayoyaweza.

Maandishi ya magazeti ya mwaka 1927 yalitupa jambo lingine: yanatuambia watu waliona nini na walilia wapi. Lakini mhakiki wa wakati ule aliandikia watu waliokuwa na uwezo wa kwenda kuitazama kesho yake. Hakuwa na sababu ya kueleza mkono ulikwenda wapi. Anasema igizo ni kubwa, basi.

Ushahidi uliotufaa kuliko wote ulikuwa kazi nyingine za Jannings mwenyewe. Mwaka 1924, chini ya mwongozaji F. W. Murnau, alicheza Der letzte Mann: bawabu mzee wa hoteli kubwa, anayejivunia koti lake lenye vifungo vinavyong'aa, anayevuliwa koti hilo na kupelekwa kuhudumia choo. Filamu hiyo karibu haina maandishi ya katikati, yale yanayotokea kwenye skrini kueleza hadithi au maneno ya wahusika, kwa hiyo mwili wa mwigizaji ndio unaobeba kila kitu. Itazame siku anayovuliwa: mgongo unaanguka kabla ya uso. Mabega yanaingia ndani, shingo inafupika, na unamwona anazeeka miaka kumi akiwa amesimama palepale. Kisha itazame The Last Command, ambamo jenerali anavuliwa cheo, nchi na jina. Ni mtu yuleyule anayeshushwa, aliyekuwa na heshima yenye vazi lake akabaki bila kitu. Hadithi ya jenerali iliandikwa na Lajos Bíró, ambaye pia alishiriki kuiandika ile ya karani. Studio ilijua ilichonunua kutoka Ujerumani.

Kwa hiyo Mwandishi angeweza kusema: tazameni alivyofanya kabla, tazameni alivyofanya mara tu baada ya hapo, na katikati ya hizo mbili pana shimo lenye umbo la karani wa Milwaukee. Sentensi hiyo ni yake, na naiona nzuri kuliko ile ya theluji.

Uamuzi mwingine ulikuwa kueleza filamu ilikwendaje. Rasimu ya kwanza ilisema "kwa bahati mbaya nakala zimepotea", kana kwamba mtu alizisahau kwenye daladala. Hazikupotea hivyo. Mikanda ya wakati ule ilikuwa ya selulosi nitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kinachobeba oksijeni ndani yake, hata ukikizamisha kwenye maji kinaendelea kuwaka. Usipochomeka, unaoza taratibu: picha inafifia, mkanda unanata kama asali, mwisho unakuwa unga wa kahawia. Tarehe 9 Julai 1937 ghala la studio ya Fox lililoko Little Ferry, New Jersey, liliwaka na kuondoka na sehemu kubwa ya filamu zao bubu. Lakini moto si peke yake. Sauti ilipoingia, filamu bubu haikuwa na soko. Kuitunza kulikuwa gharama na hatari, na kwenye mkanda kulikuwa na madini ya fedha yanayoweza kuchujwa na kuuzwa. Watu wenye akili timamu walikaa ofisini wakaamua kuziyeyusha. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulihesabu filamu ndefu bubu 10,919 za studio za Marekani za mwaka 1912 hadi 1929, ukakuta zilizosalia nzima katika umbo lake la awali ni asilimia 14 tu. Karibu asilimia 70 hazipo kabisa. Sanamu ya Oscar ya Jannings yenyewe ipo, imewekwa kwenye jumba la makumbusho ya filamu mjini Berlin. Tuzo imesalia, kilichotuzwa hakipo. Hilo bado linaniuma kila nikiliandika.

Jambo la mwisho tuliloliamua halikuhusu mkanda. Rasimu iliishia Jannings anaporudi kwao na sanamu yake. Nilisema haiwezi kuishia hapo. Mtu huyu aliitumikia serikali ya Wanazi kwa kipaji chake. Mwaka 1936 alipewa cheo cha mwigizaji wa dola, na mwaka 1941 alicheza Ohm Krüger, filamu ya propaganda iliyotumia vita vya Makaburu kule Afrika Kusini kuwachafua Waingereza. Baada ya vita hakuigiza tena, akafa Austria mwaka 1950. Mwandishi aliogopa kwamba tukiyaandika hayo, msomaji hatamlilia tena karani. Tuliyaandika, kwa aya moja, bila kupiga kelele. Msomaji ana haki ya kumjua aliyemliza.

## Matokeo

Makala ilitoka siku tano baadaye, ikiwa imepungua maneno kama mia tano. Jina la filamu tuliliacha kwa Kiingereza na kulifafanua mara moja. Picha kubwa ya juu, ile ya mzee aliyechakaa, iliwekewa maelezo yanayosema wazi kwamba ni picha ya matangazo, na kwamba filamu yenyewe haionekani.

Barua za wasomaji hazikuwa nyingi, ila zilikuwa ndefu. Zaidi ya mmoja walitaka kujua kama picha za kwao, zile za kanda za VHS zilizorekodiwa mitaani na ambazo hakuna aliyezihifadhi, zitaishia hivyohivyo. Swali hilo hatukuwa tumelitarajia, na lilituzalia toleo zima la mwezi uliofuata.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kalamu nyekundu ya mzee. Hakuwa na elimu ya historia ya filamu kuliko sisi. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kazi: miaka yake yote alishika mkanda mkononi, akauvingirisha, akauunga ulipokatika, na kwake filamu ni kitu chenye uzito kilichoko mahali fulani. Kwetu ni kitu kinachotokea ukibonyeza. Kwa hiyo swali la wapi lilimjia kwanza, na kwetu halikuja kabisa.

Kilichofanya kazi pia ni kumtaka Mwandishi atume kila kitu badala ya kumtaka ajieleze. Ningemuuliza "kwa nini umeandika usichokiona", angejitetea au angeomba radhi, na nisingepata kujua lile kosa lilivyoumbika. Tulipoweka kipande, muhtasari na rasimu pamoja, tuliona mishono: kichwa kutoka 1928, sauti kutoka 1940, theluji kutoka 1927. Hakuna aliyedhamiria kushona. Kumbukumbu ya msimuliaji hodari hufanya kazi hiyo yenyewe, na kadiri anavyokuwa hodari ndivyo mishono inavyopotea.

Nililoshindwa mimi ni kuhariri kwa sikio. Aya ilisikika vizuri, kwa hiyo niliiamini. Mwandishi dhaifu angeandika jambo hilohilo vibaya na ningemuuliza chanzo siku ileile. Uzuri wa lugha uliipa rasimu hati ya kusafiria. Tangu hapo, aya inayonifanya nimwite mwenzangu aje asikilize ndiyo ninayoikagua kwanza.

Tulishindwa tena katika kurekebisha. Rasimu ya pili ya Mwandishi ilikuwa imejaa woga. Nilihesabu neno "inasemekana" mara kumi na moja, na "huenda" zaidi ya hapo. Ilikuwa salama na haikuwa na uhai. Nadhani makosa ya aina hii huzaa makosa ya pili kuliko tunavyokiri: mtu aliyeungua anaacha kupika. Ilibidi tukae tena na kutenganisha mambo. Kwamba August anasimama nje usiku wa Krismasi hakuhitaji "inasemekana". Hadithi inajulikana, iandike. Kwamba Jannings alishinda, iandike. Shaka iwekwe pale tu ilipo, yaani kwenye mwili wake wakati akiyafanya hayo, na pale iwekwe mara moja, kwa sentensi kamili, isinyunyizwe kila mahali kama chumvi.

Kuna suala moja hatukulimaliza. Vile vipande viwili. Mwandishi anaamini kwamba dakika tano zilizosalia, pamoja na mwisho wa hadithi, zinatosha kusema kitu kuhusu igizo zima. Mimi naona mwisho wa melodrama hauwezi kupimwa bila safari iliyoufikia. Theluji inauma kwa sababu ya nyumba yenye joto uliyoiona saa nzima kabla yake. Tulibishana, hatukukubaliana, na makala ikaandika kwamba vipande vipo bila kuvipa kazi kubwa. Leo ningempa nafasi zaidi ya kujenga hoja yake. Ilikuwa hoja ya mtu anayejali.

Miezi mitatu baadaye tulialikwa kuzungumza na vijana wa sekondari kuhusu filamu za kale. Umeme ulikatika kabla hatujafungua kompyuta. Mwandishi akasimama mbele, akakunja mikono ya shati, akaanza:

"Picha hii sijaiona. Hakuna aliyeiona tangu mababu zetu."

Nilimkatiza kutoka kwenye kiti changu, maana hilo nalo halikuwa sahihi. Nakala huibuka. Mwaka 1981 nakala ya filamu ya Joan wa Arc, iliyodhaniwa imepotea katika umbo lake la kwanza, ilikutwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Oslo. Mwaka 2008 sehemu kubwa iliyokosekana ya filamu bubu ya Metropolis ilitambuliwa mjini Buenos Aires. Nilisema hayo kwa kifupi, nikakaa.

Akatikisa kichwa kukubali, akawageukia tena.

"Picha hii sijaiona bado," akasema. Kisha akawasimulia yote, kutoka ile saa ya karani hadi kwenye theluji, na alipofika mlangoni pa ile nyumba hakusema uso ulikuwaje.